Ufa wa Milimita Nne

Ufa haukuonekana.

Mkaguzi alipaka dawa nyekundu ya kufichua nyufa mara ya tatu, akafuta, akapulizia nyeupe, akasubiri. Hakuna kitu. Rota, ule mhimili mzito wenye mapanga unaozungushwa na mvuke, ilikuwa safi. Na faili la mashine ya pili lilisema wazi: ufa, milimita nne. Aliyeandika ni baba mkwe wake, fundi mkuu wa zamani wa kituo hiki cha umeme.

"Mzee aliota huyo," msimamizi alisema. "Tia sahihi, bwana. Itazunguka miaka kumi mingine."

Lakini mkaguzi si mtu wa kutia sahihi kwa kuhimizwa. Akapima upya kwa mawimbi ya sauti, shubiri kwa shubiri. Safi kabisa. Hapo ndipo akashusha pumzi, maana wiki nzima alikuwa roho juu. Rota ikipasuka ikiwa kwenye kasi haichagui ukuta wala mtu, na mkewe ndiye mwendeshaji wa zamu. Kiti chake kilikuwa hatua kumi tu kutoka mashine ya kwanza, pacha wa hii.

"Na ya kwanza tutaifungua lini?"

"Ya nini? Faili lake halina doa. Tukiifungua leo, mji mzima gizani."

Kweli, halina doa. Mkaguzi akazitilia sahihi mashine zote mbili. Msimamizi akaagiza ya kwanza ibebe mzigo wote mpaka hii ya pili ifungwe. Nyuma ya kioo, mkewe aliinua kidole gumba, akaanza kupandisha mzigo wa mashine ya kwanza. Sakafu ikatetemeka kidogo.

Mkaguzi akatoka nje, akampigia mzee kumtania.

"Shikamoo baba. Ule ufa wako umepona."

"Marahaba. Chuma hakiponi, mwanangu. Mmefungua ipi?"

"Ya pili, kama faili linavyosema."

"Nani kakwambia ufuate faili?" Sauti ya mzee ilikauka. "Mwaka niliostaafu tulibadilishana rota za mashine hizo mbili. Mashine ya kwanza wakati huo ilikuwa ya akiba tu, haiwashwi, na bosi akasema karatasi tutazirekebisha baadaye. Ile mbovu tuliihamishia humo."