Mnong'onezi wa Mishi

Sheria ilikuwa wazi: kila karakana ya sanaa impe msanii mwenye akili ya namna yake Mnong'onezi, kidude cha sikioni kinachopunguza kelele na kumwambia lini asalimie, lini acheke. Mishi, mchoraji wa kanga, alipewa wake mwezi uliopita, na kazini wakamsifu kweli kweli. Pindo alilokuwa akilirudia wiki nzima kwa sababu ya nukta moja, sasa alilimaliza kwa siku moja.

Ila moyo wa mama yake, Bi Mwanakombo, ulikataa. Alimlea mwanawe akimpakulia wali sahani yake na mchuzi bakuli lake, maana vikigusana tu, Mishi hugonga goti kwa kidole mara nne. Hiyo ndiyo "ondoa" yake tangu hajajua kusema.

Adhuhuri moja akaumwagia wali mchuzi makusudi ili amjaribu, akamtengea.

Mishi akala. "Mchuzi mtamu, mama. Ahsante kwa kupika."

Tangu lini mtoto huyu akashukuru chakula?

"Mishi, mwanangu, ni wewe unayesema?"

Mishi akainamisha kichwa kidogo, kama anayengoja mtu amalize kuzungumza. Kisha akatabasamu kama watu wa kwenye matangazo. "Ni mimi, mama. Usiwe na wasiwasi."

Bi Mwanakombo akachungulia chini ya meza. Kidole kilikuwa kinagonga goti. Mara nne, kikapumzika, mara nne tena. Na juu ya meza kijiko kiliendelea kwenda mdomoni.