Mafundo Matatu

Pipa la maji nyuma ya nyumba lilikuwa likitokota juu ya moto, lakini bafuni bomba lilitoa maji baridi tu. Ilikuwa hivyo tangu mume wa Séraphine alipopanda treni ya Niemba, mwaka wa pili sasa.

Fundi aliyeitwa, aliyefanya kazi ya reli pamoja na mumewe, alipapasa bomba pale linapotoka pipani, akacheka.

“Mama, hakuna kilichoharibika. Njo robine tu ilifungwa.”

Mkono wa robine, koki ya bomba hilo, ulikuwa umekazwa kwa kitambaa cha bluu cha ovaroli ya mumewe, mafundo matatu.

“Kwetu reli, mwenye kufunga njo mwenye kufungua. Mwingine haguse mpaka yeye mwenyewe aru…”

Kicheko kikamkauka. Akatoa kisu.

“Nikate, Mama?”

Séraphine aliyagusa mafundo, moja moja. Kisha akachota maji ndoo nzima, akauzima moto.