Transfo ya Sita

Virginie alipekua sanduku lote mpaka akapata transfo mbovu kuliko zote. Akaipangusa vumbi kwa ncha ya kitenge chake, akamkabidhi mteja wake, Papa Marcellin, kwa heshima.

"Hii ndiyo yenyewe," alisema. "Itaimbisha ampli yenu mpaka majirani walalamike."

Papa Marcellin aliishika kwa mikono miwili, akasoma maandishi ya ubavuni taratibu, kama mtu asomaye barua kutoka ofisi ya serikali.

"Volti deux cent vingt kuingia, vingt-quatre kutoka. Muzuri kabisa, maman. Hii ya tano haitaungua."

"Musisahau fusible ya kuzuia moto," Virginie alimkumbusha. Alikuwa mwongo, lakini hakutaka kumuua mtu.

Ilikuwa mwaka 1999, katika soko la Kadutu, Bukavu. Marehemu mume wa Virginie alikuwa fundi wa redio, na alimwachia meza moja ya vipuri: transfo za kupunguza nguvu ya umeme, transista, waya za shaba, na vingine vilivyochomolewa kwenye redio zilizokufa. Kwa miaka mingi alikuwa ameketi ubavuni mwa mume huyo akishika koleo, na sasa aliweza kuijua transfo kwa uzito wake tu. Papa Marcellin alikuwa mwalimu wa Kilatini, mjane kama yeye, aliyeamua kujitengenezea ampli, yaani kikuza sauti, kwa mikono yake mwenyewe ili asikilize santuri zake.

Transfo ya kwanza ilikuwa nzima. Virginie aliipima mwenyewe kabla ya kumwuzia. Kwa hiyo alishtuka mwalimu aliporudi Jumamosi iliyofuata, kofia mkononi, na kusema imeungua. Akamwomba radhi, akaahidi kumpa nyingine bure. Wakazungumza juu ya mabati ya ndani na unene wa waya, kisha juu ya magoti ya Virginie, kisha juu ya wanafunzi wasiotaka kujifunza Kilatini wakati nchi inapigana. Saa sita ikapita, na Virginie hakukumbuka kula.

Hapo ndipo shetani alipomnong'oneza. Akipewa transfo nzima, huyu hatarudi tena.

Basi alimchagulia yenye mabati yaliyolegea, ambayo lazima ingevuma kama mzinga wa nyuki. Papa Marcellin alirudi akilalamika kwamba inapata moto. Kuvuma hakukutaja hata kidogo. "Wanaume hawana masikio," Virginie alijisemea. Ya tatu ilikuwa dhaifu, ya kutoa sauti ndogo kama ya mgonjwa. Mwalimu alirudi akidai ampli ilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akatoroka. Siku hiyo Virginie alianza kutilia shaka kipimo chake.

Zile zilizoungua Papa Marcellin hakuwahi kuzirudisha, wala Virginie hakuthubutu kuziulizia.

"Huyu papa anakulaka transfo?" aliuliza Agathe, aliyeuza dagaa meza ya pili.

"Angalia dagaa zako," Virginie alimjibu.

Kulikuwa na Ijumaa moja ambayo risasi zililia mjini tangu asubuhi mpaka jioni. Kesho yake meza nne tu zilifunguliwa sokoni. Papa Marcellin alipanda mlima hivyo hivyo, suruali imejaa tope mpaka magotini, kuja kulalamika juu ya transfo ya nne.

Siku chache baada ya kumpa ile ya tano, Virginie alipata barua ya dada yake, Constance, aliyekimbilia Bujumbura. Kuna chumba, aliandika Constance, na huku watu wanalala usingizi. Uje. Virginie akatafuta nafasi kwenye lori la Jumatatu, lile la kupitia Sange. Alifunga mizigo yake bila shida. Kilichomkatalia ni dhamiri. Angewezaje kuondoka na kumwacha mtu mwema na transfo mbovu nne?

Jumapili baada ya misa, alitoa chini ya kitanda transfo ambayo haikuwahi kufika sokoni, iliyosukwa na mumewe mwenyewe. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Akaibeba mgongoni kwa kitenge, akashuka nayo mpaka Muhungu, mtaa wa Papa Marcellin. Njiani wanawake wawili walimpongeza kwa mjukuu.

Papa Marcellin alifungua mlango akabaki mdomo wazi. Sebuleni, juu ya meza, ampli ilikuwa imekaa katika sanduku la mbao lililosuguliwa likang'aa, na spika mbili pembeni.

Virginie hakukubali hata kuketi.

"Papa Marcellin, nilikuwa nawadanganya. Tangu ya pili, zote nilizowapa ni mbovu. Nilikuwa nazichagua kwa kusudi."

"Juu ya nini, maman?"

"Ili murudi."

Papa Marcellin alivua miwani yake, akaivaa tena. Kwa aibu Virginie aliipa mikono yake kazi: akafungua sanduku, akang'oa transfo mbovu, akafunga ile ya mumewe, akakaza nyaya moja baada ya nyingine. Kisha akainua waya wa umeme.

"Hii ni nzima, naapa mbele ya Mungu. Prise ya ukutani iko wapi? Tuisikie."

Papa Marcellin alitazama viatu vyake.

"Maman Virginie, huku courant ya umeme haiko."

"Inarudiaka saa ngapi?"

"Ilikatika na vita ya kwanza, mwaka wa quatre-vingt-seize, miaka tatu sasa. Haijarudi hata siku moja."

Virginie alimtazama. Akashusha ule waya polepole, akavuta kiti, akaketi.

"Chai munapikaka na nini?"

"Na moto ya makala, maman."

"Basi washa."