Miguu ya Mkude

Sheria inampa mjane mwendo wa mwili wa marehemu, uishi ndani ya mwili wake kwa mwaka mmoja, kisha unafutwa. Ndivyo mimi, kocha wa kuogelea chuoni, niliyekuwa nikihema kwa kupanda ngazi tu, nilivyojikuta nakimbia njia za milima ya Uluguru. Mume wangu Mkude, aliyekimbia huko kila siku, alikuwa akinibembeleza, "Twende wote, mara moja tu." Nami nilikuwa nikimjibu, "Wanafunzi wangu nimwachie nani?"

Kila alfajiri, katikati ya ukungu, miguu yake iligoma penye jiwe moja, na mkono wangu wa kulia ukainuka wenyewe. Nilidhani alikuwa akifuta jasho. Jana nilichelewa kutoka, ukungu ukawa umeshaondoka. Nikaliona bwawa letu kule chini, dogo kama sinia, na ukingo ninaposimama na filimbi, siku zote mgongo nimeupa mlima.

Nikamsimulia Tumsifu, nahodha wa timu. Akashangaa.

"Kocha, si alikuwa anakupungia mkono kule juu kila asubuhi, ukungu ukishaondoka? Sisi tulikuwa tunampungia pia. Tulijua unamwona."

Kesho maofisa wanakuja kuufuta mwendo wake. Leo nimekaa juu ya jiwe, na mkono hautaki kushuka.