Kura ya Kiprugut

"Kiprugut amekataa tena," Pranav alisema, akamgeuzia Wamuyu skrini.

Ilikuwa Februari 2008, nyuma ya duka la babake Pranav mjini Nakuru. Wawili hao na Kiprugut wa Kuresoi walikuwa wakiandika programu ya bure ya kusajili wagonjwa wa zahanati. Sasa kundi la Eldoret lilitaka kujiunga, kwa sharti moja: msimbo wote, yaani maandishi ya programu, ufuate kanuni za pamoja. Kila mstari uanze kwa nafasi nne, usizidi herufi themanini. Kompyuta yenyewe ingekagua na kunyoosha yote, ya zamani na mapya.

Kiprugut alianza yake kwa nafasi mbili, na mistari yake haikujua kusimama. Ungeutambua mkono wake popote. Alikuwa akibisha tangu Juni, kanuni hizo zilipotajwa mara ya kwanza, na walikuwa wamekubaliana zamani kwamba mmoja akikataa, jambo linalala.

Wamuyu alisoma: "Boss, hizo sheria zitafuta vile mimi huandika. Yangu iachwe vile iko."

"Huyu ni sikio la kufa," alisema. "Simu yake haishiki tangu vita ya uchaguzi ianze, na mimi Mkikuyu siwezi kanyaga Kuresoi saa hii. Lakini email anajibu?"

"Kila Ijumaa."

"Ulipoenda huko Januari ulimpata aje?"

"Alikuwa ametulia."

Pranav alitazama viatu vyake. Udongo wa safari hiyo ulikuwa umekaukia kwenye kingo za soli, mwezi mzima, na hakuwa ameupangusa. Hakuhisi uchungu wala hasira. Alikuwa amekufa ganzi, na hilo lilimtisha kidogo.

"Eldoret wanangoja hadi Jumatatu," Wamuyu alisema akichukua mkoba. "Tukiwakosa, hii kazi ya miaka miwili imeisha. Muombe tena, tafadhali."

"Nitamuomba."

Alipoondoka, Pranav aliandika: "Kip, kubali tu. Tunakuomba." Akatuma, akakaa mikono mapajani.

Kisha akafunga barua pepe yake, akafungua ya Kiprugut kwa neno la siri aliloachiwa naye mwaka jana, akajibu polepole: "Boss, bado nakataa."

Akainama, akaugusa udongo wa kaburi la Kiprugut kwenye kiatu, kuhakikisha bado upo.