Gamba la Shamsa

Siku hizo mgonjwa aliyekosa dawa alilazwa ndani ya gamba hadi dawa ipatikane, kama wanavyojilaza wale wadudu wa baharini wasioonekana kwa macho, ambao kazi ya Bi Mwanakheri ilikuwa kuwachambua kwa hadubini, waliolala sahani yao na waliokufa yao. Aliyelala huwa na kivuli katikati. Aliyekufa huwa mweupe kote. Hakuwahi kukosea hata mmoja.

Mkaguzi wa magamba wa kila mwaka alipofika sebuleni kwa Bi Mwanakheri kulitazama gamba la Shamsa, binti wa bibi huyo, alicheka. "Mimi nikufundishe wewe, bibi? Fundi ni wewe. Tazama, uniambie kama tumzike."

Bi Mwanakheri akamulika taa. Gamba lilikuwa jeupe kote.

"Umzike nani? Andika amelala," akasema, akalifunika kanga, Shamsa asije akapigwa na baridi.

Kesho yake kazini, mdudu wa kwanza alikuwa mweupe kote. Akamtazama sana, kisha akamtia kwenye sahani ya waliolala.