Anasema

"Mama huyu alikuwa kipofu miaka saba!" mhubiri mgeni alinguruma, akiuinua juu mkono wa mwanamke aliyesimama kando yake. "Leo anaona!"

Akanyamaza ili Koleta atafsiri. Watu wote waliofurika kwenye mkutano wa injili pale Bukene walikuwa wakimngoja, na mhubiri hakujua hata neno moja la Kinyamwezi.

Koleta alimtazama yule mwanamke. Alikuwa fundi wake wa nguo. Ijumaa tu, bila miwani, alitunga uzi kwenye sindano mbele ya macho ya Koleta, akampindia mkono wa gauni hili hili alilovaa Koleta leo. Koleta aliupapasa ule upindo. Mishono yake ilikuwa midogo kama punje za ulezi, wala hakuna hata mmoja uliokwenda upogo.

Fundi akainamisha macho.

Miaka yote ya kutafsiri, Koleta hakuwahi kutanguliza "anasema". Neno la Mungu alilipokea kama lake, akalitoa kama lake. Na Neno hilo hilo lilikataza kumshuhudia jirani uongo.

Akasogeza kipaza sauti mdomoni.

"Anasema mama huyu alikuwa kipofu," aliwaambia kwa Kinyamwezi. "Mimi nasema, ndiye aliyenishonea gauni hili Ijumaa."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mhubiri akamgeukia, uso umemkunjamana.

"Mbona kimya? Umewaambia nini, dada?"

Koleta hakukishusha kipaza sauti.

"Ngoja, mtumishi," alisema kwa Kiswahili. "Nakutafsiria na wewe."